Kufupisha Vifungo na Wingi wa Wizi: Uhakiki wa Kauli Mbili kwa Mizani ya Fiqhi na Historia

  

Katika mkoa wetu wa Mara, kila inapotangazwa kuwa wafungwa wamesamehewa, au kwamba adhabu fulani huenda ikafupishwa, husikika kauli moja misikitini na barazani: wezi wanarudi, kila mtu afunge zizi lake. Baadhi ya ndugu zetu wahubiri wameivika kauli hii kanzu ya dini. Wanasema Uislamu umeweka adhabu kali kwa mwizi, kwa hiyo Muislamu hana budi kuunga mkono vifungo virefu, na anayetaka vifupishwe anapingana na sharia. Upande wa pili wako wanaosema kwamba jela haina faida yoyote, kwamba wizi ni mtoto wa umaskini, na kwamba wafungwa wote wakiachiwa mambo yatatengemaa yenyewe.

Makala haya yanazihakiki kauli zote mbili. Jambo lenyewe ni zito kwetu. Mtu wa Butiama mwenye ng'ombe wanne akiamka na kukuta zizi tupu, amepoteza jembe, maziwa ya watoto na ada ya shule kwa usiku mmoja. Na mama wa Bunda ambaye mumewe amefungwa miaka 20 kwa nyama ya nyumbu, naye amebaki na watoto bila mlezi. Wote wawili ni majirani zetu, na imamu anaposema neno juu ya mimbari analisema mbele yao wote.

KUAINISHA MAHALI PA HITILAFU

Wanazuoni wetu wametufunza kuwa kabla ya kujadili mas-ala, kwanza tuainishe wanapotofautiana watu ni wapi. Hakuna hitilafu kwamba mali ya mtu ni haramu kwa mwingine, na kwamba kuilinda ni moja ya makusudio makuu ya sharia. Hakuna hitilafu pia kuwa hadi ya wizi imethibiti katika Suratul-Maida, aya ya 38, na kwamba aya inayofuata imefungua mlango wa toba.

Hitilafu yetu si juu ya hadi. Mahakama za nchi yetu hazihukumu kwa hadi. Kinachotolewa pale ni kifungo, na kifungo kwa istilahi ya mafaqihi kimo katika mlango wa taazir, yaani adhabu ambayo kiwango chake hakikupangwa na nassi bali kimeachiwa ijtihadi ya mwenye mamlaka kwa kuangalia maslahi. Kwa hiyo anayechukua ukali wa hadi na kuuhamishia kwenye idadi ya miaka ya jela amefanya qiyasi isiyo na illa inayounganisha pande zake mbili.

Tena ndani ya mas-ala haya mna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la hukumu: je, sharia inataka vifungo virefu? La pili ni la hali halisi: je, kifungo kikifupishwa wizi huongezeka? La kwanza hujibiwa kwa dalili za kisharia. La pili hujibiwa kwa kuchunguza yaliyotokea duniani, na wala halijibiwi kwa kupaza sauti.

ASILI YA VIFUNGO VYA LAZIMA NCHINI MWETU

Wengi husahau kuwa vifungo vya lazima nchini vina historia inayogusa kijiji chetu hiki. Mwaka 1963 Rais wa Tanganyika alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya viwango vya chini vya adhabu. Kwa makosa yaliyoorodheshwa humo, ukiwemo wizi wa mifugo, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi na rushwa, hakimu alilazimika kutoa kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka. Uliachwa mlango mwembamba tu kwa mkosaji wa mara ya kwanza ambaye mali aliyochukua haikuzidi shilingi 100, na kukawa na sababu maalumu. Miaka mingi baadaye, katika hotuba zake za mwaka 1995, Mwalimu aliikumbuka sheria hiyo kwa kuikubali, akieleza kuwa viboko vile vya kutokea vilikuwa vya mtu kwenda kumwonyesha mkewe.

Mwaka 1972 sheria ile ilifutwa ikawekwa nyingine, na viboko vikaondolewa. Mwaka 1989 viboko vikarudishwa na adhabu za unyang'anyi zikapandishwa. Leo unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa wizi wa ng'ombe hukumu ya miaka mitano imekuwa ya kawaida mahakamani.

Tuitazame safari hii. Kiboko kimewekwa, kimeondolewa, kimerudishwa, na kifungo kimekuwa kikipanda. Lau ukali peke yake ungekuwa dawa, watunga sheria wasingehitaji kuongeza kipimo kila baada ya miaka kadhaa. Anaweza kusema msemaji: pengine bila ukali huo hali ingekuwa mbaya zaidi. Jibu lake ni kwamba hilo linawezekana, lakini linahitaji dalili, na dalili iliyopo mkoani kwetu, kama tutakavyoona, inaelekea kwingine.

MUNAQASHA WA KAULI YA KWANZA

Wanaosema kuwa kifungo kirefu ndio msimamo wa Uislamu tunawajibu kwa njia nne.

Kwanza, zama za Mtume (S.A.W.) hapakuwa na jengo la gereza. Thumama bin Uthal alifungwa kwenye nguzo ya msikiti kwa siku tatu, kisha akaachiwa bila sharti, akaenda akaoga, akarudi akasilimu. Umar bin Al-Khattab (R.A.) ndiye ambaye katika zama zake ilinunuliwa nyumba ya Safwan bin Umayya kule Makka ifanywe mahali pa kufungia, na Ali (R.A.) ndiye aliyejenga gereza Kufa. Kwa hiyo gereza limekuja kwa ijtihadi na haja, na lililokuja kwa haja hupimwa kwa haja.

Pili, mafaqihi waliotangulia hawakukiona kifungo kuwa kitu cha miongo. Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, amenukuu kutoka kwa Abu Abdillah Az-Zubayri kwamba kifungo cha kumchunguza mtuhumiwa ni mwezi mmoja, na cha kumtia adabu ni miezi sita. Wengine wameacha kiwango kwa rai ya mtawala. Hata hivyo, mjadala wao ulikuwa katika miezi. Tukilinganisha na vifungo vya miaka 20 na 30, hapana budi tukiri kuwa urefu huu una asili nyingine, si vitabu vyetu.

Tatu, Ibnul-Qayyim katika At-Turuq Al-Hukmiyya ameeleza kuwa kifungo cha kisharia si lazima kiwe kumsokomeza mtu mahali pa dhiki. Maana yake ni kumzuia asitende atakavyo, ikiwa nyumbani, msikitini, au kwa kumpa mtu wa kumwandama. Wanaodhani kuwa adhabu ya kutumikia jamii ni uzushi wa Wazungu wayasome maneno ya mwanachuoni huyu wa karne ya nane Hijria.

Nne, na hili ni karibu mno na wizi wa mifugo. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Waliletwa kwa Umar (R.A.), na amri ya kuwakata ilikwisha kutoka. Kisha Umar akamgeukia bwana wao, akaona kuwa anawaacha na njaa. Akamtoza yeye. Mwenye ngamia alisema bei yake ni dirhamu 400, Umar akaamuru alipwe 800. Imamu Malik mwenyewe amebainisha kuwa kuongeza bei maradufu hakukuwa amali ya watu wa Madina, bali hulipwa thamani, na hiyo ndiyo kauli ya jamhuri. Ila kiini cha kisa kimebaki: adhabu iliondoshwa kwa sababu ya shubuha, na aliyeibiwa hakuondoka mikono mitupu.

Hapa ndipo palipo na udhaifu mkubwa wa kauli ya kwanza. Inahesabu miaka ya mwizi na kumsahau mwenye ng'ombe. Katika madhehebu ya Shafi mwizi anadaiwa kurudisha alichoiba, au thamani yake ikiwa kimepotea, hata kama hadi imesimamishwa juu yake. Haki ya Allah haifuti haki ya mja. Hakimu wetu anao uwezo wa kuamuru fidia, lakini mtu aliyefungiwa miaka mitano atailipa kutoka wapi? Mwenye ng'ombe wanne wa Butiama huambiwa haki imetendeka, naye anarudi kwenye zizi lile lile tupu.

YALIYOTOKEA MARA

Sasa tuje kwenye swali la pili. Sheria ya 1963 na ile ya 1972 zilikuwapo zote mbili kabla ya wizi wa mifugo kulipuka Mara katika miaka ya 1980. Kwa nini ulilipuka hali adhabu zilikuwa kali? Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakurya wa Tarime katika miaka ya 1990 na kutoa kitabu chake Kuria Cattle Raiders mwaka 2000, ametaja sababu ambazo wazee wa mkoa huu nao wanazijua. Vita dhidi ya Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979 iliwachukua vijana wengi wa Kikurya jeshini, na baada yake bunduki zikazagaa vijijini. Soko lilikuwa upande wa pili wa mpaka, Kenya, ambako ng'ombe wa wizi aliuzika haraka kwa fedha. Na watu walikuwa wamekata tamaa na polisi na mahakama, kwa kuona mshukiwa anakamatwa leo, kesho anaonekana sokoni.

Katika sababu hizo hakuna inayosema kwamba kifungo kilikuwa kifupi. Mwizi wa usiku hapigi hesabu ya miaka mitano dhidi ya miaka kumi. Hesabu yake ni moja: nitashikwa au sitashikwa? Akiona uwezekano wa kushikwa ni mdogo, miaka 30 kwake ni sawa na miaka miwili.

Kilichopunguza wizi kilikuwa kitu kingine. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwanza huko Usukumani na Unyamwezini, wananchi waliunda sungusungu, na mtindo ukafika Mara, ambako kwa Wakurya ulishikana na mabaraza yao ya jadi ya ritongo. Yowe likipigwa kila mwanamume anatoka. Nyayo zinafuatwa mpaka zinapoishia, na kijiji ambamo zimepotelea kinaambiwa kimtoe mwizi au kilipe. Penye utaratibu huo mwizi alijua kuwa atafuatwa, na atafuatwa usiku huo huo. Nguvu yake ilikuwa yakini na haraka.

Lakini mhakiki hapaswi kusifu bila mizani. Utaratibu huo umeleta dhulma pia: watu wamepigwa hadi kufa bila ushahidi, uhasama wa koo umejificha ndani ya tuhuma, na vijiji vimelipishwa ng'ombe ambao wakazi wake hawakuwaona. Baadhi ya watu huuhalalisha kwa kuulinganisha na qasama, ambapo maiti akikutwa mtaani kwa watu, wakazi wake huapishwa. Qiyasi hii ina tofauti inayoibatilisha. Qasama ni ya damu, haiingii katika mali. Kwa Shafi inahitaji lauthi, yaani dalili inayotia nguvu dhana ya tuhuma, na ina viapo 50. Unyayo uliopotelea kwenye nyasi haumbebeshi mzee wa kijiji deni la ng'ombe, na Qur'ani imekariri mahali pengi kuwa hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Basi tuchukue funzo la yakini ya kukamatwa, tuache dhulma iliyoambatana nalo.

NYAMA YA NYUMBU

Upande wa Bunda na Serengeti, penye vijiji vinavyopakana na hifadhi, kuna mfano ulio wazi zaidi. Mtu anayekutwa na nyama ya nyumbu au pundamilia bila kibali hushitakiwa kwa kumiliki nyara za Serikali. Shitaka hilo likiendeshwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, kifungo chake hakipungui miaka 20. Kwa hivyo aliyekutwa na kitoweo cha pori anaweza kufungwa mara nne ya aliyeiba ng'ombe wa mjane. Hatusemi kuwa hifadhi isilindwe. Wanyama wale ni amana, na mtandao wa wauza pembe za ndovu ni uharibifu katika ardhi. Ila mwenye sufuria na mwenye mtandao hawawi sawa katika mizani ya taazir, ambayo sharti lake ni kuangalia kosa na mkosaji.

Tena adhabu inapokuwa kubwa mno, yakini hupungua. Kesi huhitaji vibali maalumu, rufaa hukatwa, na si mara moja Mahakama ya Rufani imefuta mashitaka ya namna hii kwa kasoro za vibali, baada ya mtu kukaa gerezani miaka. Hapo hifadhi haikupata haki yake, na mtu hakurudishiwa miaka yake.

Kwamba hakimu anyang'anywe hiari ni jambo lililokwisha kukataliwa na mahakama za jirani zetu, japo katika adhabu ya kifo. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009 katika shauri la Susan Kigula, na ile ya Kenya mwaka 2017 katika shauri la Francis Muruatetu, ziliamua kuwa adhabu ya kifo isiwe ya lazima, jaji apime hali ya kila mtu. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilisema mfano wa hayo kuhusu Tanzania, Novemba 2019. Mafaqihi waliposema kuwa taazir hutofautiana kwa kutofautiana watu, walikusudia maana hiyo hiyo.

MUNAQASHA WA KAULI YA PILI

Ama wanaosema wafungwa waachiwe tu, nao hawakusalimika. Italia mwaka 2006 ilitoa msamaha wa jumla, ikawaondolea wafungwa hadi miaka mitatu ya kifungo kilichobaki. Ndani ya muda mfupi walitoka watu zaidi ya 20,000, zaidi ya theluthi ya wafungwa wa nchi. Watafiti walioichunguza waliona uhalifu ukapanda, hasa wizi. Asiyetaka kulitaja hili hafanyi insafu. Lakini katika msamaha huo kulikuwa na sharti: atakayerudia kosa ndani ya miaka mitano atarudishwa kumalizia masalio yake. Waliobakiza muda mrefu zaidi, na kwa hiyo waliokuwa na zaidi cha kupoteza, walirudia makosa kwa uchache kuliko wenzao. Hata ndani ya msamaha mpana, kujua kwa yakini kitakachompata kulimzuia mtu.

Jimbo la California, Marekani, lilipita njia nyingine. Mwaka 2011 lilibadili sheria ili wenye makosa mepesi wasipelekwe magereza ya jimbo, na ndani ya mwaka mmoja wafungwa wakapungua kwa takriban 27,000. Watafiti hawakuona ongezeko la uhalifu wa kumwaga damu lililotokana na badiliko hilo. Waliona ongezeko katika wizi wa magari. Mwaka 2014 wapiga kura wakapunguza tena adhabu za wizi mdogo, na athari iliyoonekana ikawa kupanda kidogo kwa wizi wa aina hiyo. Mwaka 2024 wapiga kura wale wale wakarudisha sehemu ya ukali. Kwa hiyo kufupisha kwa kuchambua makosa hakukuleta maafa yaliyotabiriwa. Lakini wizi mdogo ukiachwa bila jibu lolote hukua, na watu huchoka.

Kwetu Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000 magereza yalikuwa na watu zaidi ya 40,000, nchi ikiwa na watu milioni 34 kwa sensa ya 2002. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 wafungwa na mahabusu walikuwa wamepungua chini ya 40,000, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 61,741,120. Desemba 9, 2019, Rais John Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mara moja. Hesabu hii peke yake haithibitishi kuwa kupunguza wafungwa kunapunguza uhalifu, na asiitumie mtu hivyo. Inachokanusha ni ile dhana kwamba kila pungufu la wafungwa ni ongezeko la wizi. Anayeishikilia dhana hiyo na aeleze ilikuwaje nchi ikaribie kuongezeka maradufu, wafungwa wapungue, na bado isizame.

Liko pia suala la mahabusu, ambao kwa miaka mingi wamekuwa takriban nusu ya waliomo magerezani. Hawa hawajahukumiwa. Julai 2019 Rais Magufuli alizuru gereza la Butimba, Mwanza, akasikiliza malalamiko ya watu waliokaa miaka bila kesi zao kuisha, na siku chache baadaye makumi kadhaa wakaachiwa. Lakini haki isingoje ziara ya Rais. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wetu wanakisoma, ameweka kuwa kadhi mpya akiingia mjini la kwanza analolitazama ni hali ya waliofungwa. Na Abu Yusuf alimwandikia Khalifa Harun Ar-Rashid katika Kitabul-Kharaj kwamba wafungwa walishwe na kuvishwa kutoka Baitul-Mali, wasitembezwe na minyororo kuomba, na mambo yao yaangaliwe kila baada ya siku chache. Nabii Yusuf (A.S.) alibaki gerezani miaka kwa sababu aliyeahidi kumtaja alimsahau. Mahabusu wengi wa leo hali yao ni hiyo.

TARJIHI

Baada ya kuzipima kauli mbili, linaloonekana kuwa na nguvu ni hili. Kufupisha vifungo kwa kuwachambua wakosaji hakuongezi uhalifu mzito, ikiwa penye kifungo kilichoondolewa pamewekwa kitu cha yakini: kukamatwa, kuhukumiwa mapema, na kumlipa aliyedhulumiwa. Kuachia bila kuchambua kunaweza kudhuru. Na kurefusha bila kukamata hakumlindi mwenye ng'ombe.

Kuna wachache ambao kifungo kirefu ni haki yao. Al-Mawardi amesema kuwa aliyekariri jinai na hadi hazikumzuia, na watu wakadhurika naye, amiri anaweza kuendelea kumfunga hata mpaka afe, kwa sharti la kumlisha na kumvisha kutoka Baitul-Mali. Genge lenye bunduki linalovusha ng'ombe mpakani limo katika maneno haya. Kijana aliyeiba kuku, au aliyeshindwa kulipa faini, hayumo. Kumweka huyu na wale chumba kimoja ni kumpeleka chuo cha wizi kwa gharama ya umma.

Sheria ya nchi imekwisha kufungua mlango. Tangu mwaka 2002 ipo sheria ya huduma kwa jamii, ambayo kwayo mtu anayestahiki kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kuamriwa kufanya kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake. Ipo pia ya bodi za parole ya mwaka 1994. Tume ya kuangalia haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023. Kilicho mikononi mwetu sisi ni jamii kumpokea mtu anayeadhibiwa akiwa nje.

Kwa hiyo nawausia maimamu na wanafunzi wenzangu mambo matatu.

La kwanza, tusihubiri kuwa miaka ya jela ni sharia ya Allah. Ni taazir, ina maslahi na madhara, na inajadilika.

La pili, tusimamie haki ya aliyeibiwa. Suluhu inapofanywa mbele ya wazee, kwa hiari na kwa njia ambayo sheria inaruhusu, sharti la kwanza liwe mali kurudi. Msamaha wa mtu ambaye hajarudishiwa ng'ombe wake hauwezi kutolewa na mtu mwingine.

La tatu, kamati za zaka ziwatazame masikini waliomo Musoma, Kiabakari, Bunda na Tarime kwa kushindwa faini ndogo. Imamu Nawawi amesahihisha kuwa mwenye deni lililotokana na maasi hupewa katika fungu la wadaiwa akitubu. Je, faini ya mahakama ni deni kwa maana hiyo? Mimi naona lina mwelekeo huo, na naliweka mbele ya wanazuoni walijadili.

Imepokewa riwaya yenye maana kuwa mtawala kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu, na Tirmidhi mwenyewe ameona kuwa kuikomesha kwa Sahaba ndiko sahihi zaidi. Wanazuoni wameifanyia kazi maana yake katika hadi, palipo na shubuha. Katika taazir, ambayo ni hafifu kuliko hadi, ina nafasi zaidi. Lakini imezungumzia kosa la mtawala, haikumruhusu kulala. Mwenye zizi tupu bado anangoja ng'ombe wake.

Wallahu a'lam.